Kabla hujabadilisha kamera, mulika lenzi yako

Wateja wengi wanaotufikia hapa dukani Dar es Salaam ni watu wanaopiga picha kwa mapenzi tu: mwalimu, nesi, kijana wa chuo, baba aliyestaafu. Wanauliza Canon au Nikon, DSLR (kamera za dijitali zenye kioo cha ndani kinachoakisi picha kwenye tundu la kuchungulia) au hizi mpya zisizo na kioo hicho, waendelee na dijitali au wafufue kamera ya filamu ya marehemu babu. Na kuna lalamiko linalojirudia sana: "Picha zangu siku hizi zimefifia, nadhani kamera imechoka." Hapo huwa tunaomba kwanza kuiona lenzi. Kwa mji wa pwani kama huu, mara nyingi bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni nzima kabisa na tatizo liko kwenye vioo vya lenzi.

Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani. Toa lenzi kwenye bodi na uvue vifuniko vyote viwili. Kama ni lenzi ya zamani yenye pete ya kuzungusha, iweke kwenye namba ndogo kabisa ili tundu la ndani lifunguke lote. Washa tochi ya simu kwa nyuma, ielekeze kimshazari ili isikupige machoni, kisha chungulia kwa mbele huku ukiigeuza polepole. Vidoadoa vya vumbi visikutie hofu, hata lenzi mpya huwa navyo. Unachotafuta ni nyuzinyuzi nyembamba zilizotawanyika mfano wa utando wa buibui, ambazo mara nyingi huanzia ukingoni mwa kioo na kuelekea katikati. Hiyo ndiyo fangasi.

Chembe zake zimo hewani kila mahali, kwa hiyo hakuna lenzi iliyosalimika nazo. Kinachoziotesha ni unyevu. Hewa ikikaa juu ya asilimia 60 au 70 ya unyevu kwa muda mrefu, zinaamka, na Dar, Tanga, Unguja na Mombasa hewa hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Wakati wa masika ndiyo usiseme. Chakula chake ni mafuta ya vidole vyako juu ya kioo, vumbi, hata grisi iliyomo ndani ya lenzi. Ikishashiba hutoa asidi, na asidi hiyo hula utando mwembamba uliopakwa kioo ili kuzuia mng'ao, kisha hula kioo chenyewe.

Mwanzoni huoni tofauti yoyote kwenye picha. Baadaye, siku unampiga mtu picha akiwa amelipa jua mgongo, weusi unageuka kijivu na picha nzima inakuwa kama ina moshi. Fangasi ikiwa kwenye kioo cha nyuma, kile kilicho karibu na sensa (sehemu ya kamera inayonasa picha), madhara yake ni makubwa kuliko ikiwa kwenye kioo cha mbele. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mkwaruzo mkubwa mbele na picha zake zikatoka safi, wakati jirani yake mwenye lenzi inayong'aa kwa nje anahangaika.

Mahali panapolea ugonjwa huu ni begi la kamera lililofungwa na kuwekwa kabatini, hasa likiwa la ngozi. Ngozi hunywa unyevu na huota ukungu yenyewe. Kiyoyozi nacho kina lake. Ukitoka na kamera kwenye gari au ofisi yenye ubaridi mkali ukaifungua nje saa saba mchana, unyevu wa nje unaganda juu ya vioo vilivyopoa, na mwingine ndani usikofikia kitambaa. Iache ndani ya begi iliyofungwa kwa nusu saa ipate joto la nje taratibu, ndipo uitoe.

Kwa kuhifadhi huhitaji kabati la gharama. Nunua kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana sawasawa, weka ndani pakiti za silika jeli pamoja na kipima unyevu kidogo, kisha lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani ujue imeshiba. Ikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo uirudishe. Usilikaushe kopo mpaka kipimo kishuke chini ya 30, maana na grisi ya ndani haipendi ukavu uliopitiliza. Mchele ambao watu hushauriana kuutumia haunyonyi unyevu vya kutosha, halafu unaacha unga. Lakini zaidi ya yote, itumie lenzi. Ile inayotoka nje kila wiki ikaona jua na upepo huugua mara chache kuliko ile inayosubiri harusi ya mwakani.

Kama tayari umeona nyuzi, ilete mapema. Tunaifungua, tunasafisha vioo kimoja kimoja kwa dawa, kisha tunaipima ukiwepo. Lakini tunasema wazi tangu mwanzo: asidi ikishachora kioo, fangasi itatoka na alama itabaki. Na lenzi nyingi zina vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa gundi; fangasi ikiingia katikati ya hivyo hatuwezi kuitoa, na hatutachukua pesa yako kwa kujaribu. Kwa zile lenzi ndogo zinazouzwa pamoja na bodi, mara nyingi gharama ya kuifungua inakaribia bei ya kununua nyingine ya mtumba, na tutakwambia hivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye swali la kamera ipi. Mawazo yetu ni kwamba mpiga picha wa kujifurahisha aweke pesa kwenye lenzi kwanza. Kuchapa picha ya ukubwa wa A3 kwa ubora kamili kunahitaji takriban megapikseli 17, na bodi za mtumba za miaka kumi iliyopita zenye 24 zimejaa sokoni. Ukipata ya DSLR, uliza shata (pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga picha) imepigwa mara ngapi. Bodi za wanaoanza kwa kawaida hukadiriwa kufika 100,000. Lenzi huishi zaidi ya bodi. Nikon walianza na mdomo wao wa F, yaani aina ya mahali lenzi inaposhikana na bodi, mwaka 1959 na Canon wakaleta EF mwaka 1987, na lenzi za enzi hizo bado zinapiga kazi leo. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, itakubadilishia picha za jioni sebuleni kuliko bodi mpya yenye lenzi ile ile ya zamani.

Na filamu? Tunaipenda, na tunafurahi kuona vijana wakiirudia. Tofauti yake na dijitali utaiona vizuri zaidi mchana wa jua kali, tuseme nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa: kanzu nyeupe, nyuso zetu nyeusi, vivuli vizito. Dijitali ikizidishiwa mwanga, kanzu inakuwa nyeupe tupu, mishono na mikunjo yote imepotea, na hakuna programu itakayoirudisha. Kwa hiyo pima mwanga kwa kanzu, acha nyuso ziingie giza kidogo, kisha uziinue kwenye kompyuta ukiwa umepiga kwa RAW (faili inayohifadhi data yote ya kamera bila kubanwa kuwa JPEG). Filamu ya negativu ni kinyume chake. Huvumilia mwanga ukizidi na huharibika ukipungua, hivyo unapima kwa uso na kanzu inabaki na mikunjo yake. Anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kugeuza tabia hii huharibu picha nyingi, kisha husingizia kamera.

Kwa anayejifunza, tunashauri aanze na dijitali. Unaona kosa pale pale, na kila picha hubeba ndani yake namba za shata na tundu ulizotumia. Filamu ina picha 36 tu, kila moja ina bei, na jibu unalipata baada ya siku. Huo ndio utamu wake kwa mtu aliyekwisha kujua anachotafuta. Mohamed Amin, mpiga picha za habari aliyeanzisha kampuni ya Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, alijenga jina lake kwa filamu. Na picha za Capital Art Studio, studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua Mji Mkongwe mwaka 1930, zinatuonyesha Unguja ambayo isingeonekana tena popote.

Lakini filamu na joto letu haviivani. Ambayo hujaitumia ikae kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na uitoe saa chache kabla ya kuipachika ili isifanye umande. Iliyokwisha kupigwa usiiache kwenye gari. Isafishwe haraka kwa dawa ya kutoa picha, kwa sababu picha iliyomo huendelea kufifia na rangi huhama. Hata negativu zilizosafishwa zinahitaji lile kopo la silika: tabaka lenye picha limetengenezwa kwa jelatini, na jelatini kwa fangasi ni karamu.

Filamu nyeusi na nyeupe tunasafisha hapa hapa. Majedwali mengi ya dawa yameandikwa kwa nyuzi 20 za joto, wakati maji ya bomba letu huwa karibu na 28. Kwenye joto hilo muda wa kusafisha hufupika mno na mawingu kwenye picha hutoka na madoa, kwa hiyo tunapoza chupa za dawa ndani ya beseni la barafu mpaka zishuke. Ya rangi inataka nyuzi 38, na dakika 3 na sekunde 15 tu kwenye dawa ya kwanza. Dawa hiyo ikishachanganywa haikai muda mrefu, hivyo tunakusanya filamu za wateja kadhaa tukazisafisha pamoja. Tuvumilie ukisubiri.

Kwa mwenye Zenit ya mzee, kamera ya filamu ya Kisovieti, na lenzi yake ya Helios ya milimita 58: usiitupe lenzi hata kama bodi imekufa. Kwa adapta (pete ya kuunganishia) itaingia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na kwenye Canon EOS za DSLR pia, ingawa kwa baadhi yake sehemu ya nyuma ya lenzi inaweza kugusa kioo cha ndani cha kamera, kwa hiyo tujaribu kwanza. Kwenye Nikon za DSLR haitashika fokasi ya mbali mpaka adapta iwe na kioo chake kama cha lenzi, na kioo hicho hupunguza ubora, ndiyo maana adapta hiyo hatuiuzi. Fokasi utaivuta kwa mkono.

Ukija kuulizia bodi mpya, njoo na lenzi zako zote na memori kadi yenye picha zilizokuudhi. Tutazifungua pamoja kwenye kompyuta tuzikuze. Kukagua lenzi hatutozi, na kama unayo ya kuuza au kubadilishana, ilete pia na vifuniko vyake.