Mgonjwa huhitaji kusikilizwa

Mhariri,

Mamangu alipolazwa hapa Mombasa kwa shinikizo la damu, hofu ilimzidi hata usingizi ukampaa, mpaka muuguzi wa zamu ya usiku alipovuta kiti, akamshika mkono na kumfundisha kuvuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa taratibu kwa mdomo, kisha akamweleza kazi ya kila kidonge alichopewa. Pumzi za namna hiyo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Lakini naamini kilichomtuliza zaidi ni kule kuelezwa. Muuguzi huyo alikuwa peke yake wodini, huku wagonjwa wengine wakimwita. Nawasihi wanaohusika waajiri wauguzi zaidi, ili kila mgonjwa apate walau dakika 10 za kusikilizwa.

Msomaji,
Likoni, Mombasa