Kuku Wachinjwe na Mzee wa Jirani

Stuttgart, Jumapili ya pili ya Majilio

Mama mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba magoti yamepata nafuu kidogo sasa kaskazi imeingia. Nawasalimu Kaka na wadogo zangu wote, pamoja na Mzee na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili. Mimi sijambo, ila baridi. Nimeandika kwa kalamu badala ya kukutumia sauti kwa simu kwa sababu nina mengi ya kusema, na nisingependa yakatizwe na mtu anayepita jikoni akiuliza chumvi iko wapi. Mwenzangu wa kazini anasafiri kuja Mombasa Alhamisi, naye ndiye atakayewafikishia bahasha hii. Kitinda mimba akusomee usiku, polepole.

Wiki iliyopita Kaka aliniarifu mambo mawili: kwamba mwaka huu mnafikiria kula chakula cha Krismasi katika hoteli moja ya ufuoni huko Nyali ili wewe upumzike, na kwamba sala ya jioni imelala tangu Baba atutoke. Siku hiyo sikumjibu. Kwa la kwanza namshukuru, maana kupikia watu ishirini katika joto la Disemba si mchezo, nawe umetupikia miaka mingi bila ya kulalamika, au tuseme ukilalamika kidogo tu. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyoona kwamba yote mawili ni jambo moja.

Nyote mnakumbuka ilivyokuwa. Taarifa ya habari ya saa moja ikimalizika, Baba alizima redio na kugonga bilauri kwa kijiko mara tatu, na aliyekuwa uani akaja, aliyekuwa na kitabu akakifunga, na mgeni, hata awe wa dini gani, akakaribishwa aketi au aondoke kwa amani. Nilikuwa nikidhani kijiko kile ni kituko cha Baba tu, mpaka Bibi aliponieleza, nikiwa darasa la sita, kwamba Baba alikuwa akiigiza kengele. Kengele yenyewe ni ile iliyolipa jina eneo la Kengeleni: wazee wetu waliigonga kuitana kwenye ibada, na pia kuonyana wanapokuja wateka watumwa. Bibi alisema kwamba babu yake aliteremshwa Frere Town akiwa mtoto, bila ya mama wala ndugu, miongoni mwa Wayao, Wamakua na Wanyasa waliokuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa, na kila mmoja akilia kwa lugha yake. Wamisionari wa CMS, shirika la Kanisa la Anglikana la Uingereza, walikuwa wamekianzisha kijiji hicho mwaka 1875 na kukiita kwa jina la Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash alifunge soko la watumwa. Watu wasiokuwa na ukoo waliitwa kwa kengele moja jioni hadi jioni, wakasali pamoja, wakaozana, wakawa ukoo. Sisi ndio wajukuu wao. Ndiyo maana nasema, Mama, kwamba sala ile haikuwa desturi ya Baba peke yake, hata tuizike pamoja naye.

Usiku wa tarehe 24 tulisomewa sura ya pili ya Luka. Sijawahi kukuambia kwamba kwa miaka kadhaa niliamini Mtoto Yesu alizaliwa kwetu. Baba aliposoma kwamba alilazwa katika hori, mimi sikuijua hori nyingine ila hori ya Tudor, iliyo chini ya nyumba zetu, yenye mikoko na harufu ya tope maji yakipwa. Nilimhurumia sana Mariamu kwa sababu ya mbu na kaa. Nilipogundua kwamba hori ile ni chombo cha kulishia ng'ombe nilivunjika moyo, na hadi leo, nikiri, moyoni namwona kule kwetu mikokoni.

Kisha asubuhi, kuku. Hapa ndipo hoteli inaponitia wasiwasi. Baba hakuchinja kuku wa Krismasi hata siku moja. Alikwenda mwenyewe nyumba ya pili kumwita Mzee, naye Mzee akaja na kisu chake, akawaelekeza kuku kibla, akasema bismillahi, na Baba akiwa amesimama kando ameshika beseni la maji, kimya, kofia mkononi, kama aliye kanisani. Ilikuwa hivyo ili sinia likitoka kwetu na kawa lake, kwenda nyumba ya pili, ya tatu na ya mwisho wa kichochoro, asiwepo jirani wa kusitasita kulifunua. Idi ikifika, masinia yalirudi kwa njia ile ile, na biriani ya Bi Mkubwa ikatufanya tusahau pilau yetu kwa wiki nzima (nisamehe, Mama, lakini hata wewe uliwahi kukubali). Je, huko hotelini atakayekwenda kumwita Mzee ni nani, na sinia litatokea mlango upi?

Huku Krismasi husherehekewa zaidi jioni ya tarehe 24. Maduka hufungwa mchana, watu huingia majumbani mwao, na mtaa hunyamaza kiasi cha kusikia viatu vyako mwenyewe. Saa kumi na moja jioni tayari giza linaingia. Mwaka wa kwanza nilisimama dirishani nikiitazama theluji, nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukinyofoa pamba ya dukani na kuibandika kwenye tawi la mvinje, jasho likitutiririka, tukijiona tumetengeneza theluji hasa. Ile yetu ilikuwa nyeupe zaidi. Nitakuambia na jambo ambalo sikukuambia kwa simu: mwaka ule niliacha kusali. Sikugombana na Mungu. Zamu tu zilikuwa nyingi, chumba kilikuwa na kiti kimoja, na sikuona sababu ya mtu mmoja kugonga bilauri kujiita mwenyewe.

Aliyenirudisha ni bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Amesahau majina ya wanawe, ambao nao ni kama wamemsahau. Alipoletwa kwetu alikataa chakula cha jioni siku mbili mfululizo, akawa anakaa mbele ya trei, mikono imeshikana mapajani, huku supu ikipoa. Wenzangu waliandika katika daftari kwamba hana hamu ya kula na kwamba daktari aitwe. Siku ya tatu zamu ilikuwa yangu, nikaitazama ile mikono, na ghafla nikatuona sisi wenyewe mezani, tukiukodolea macho ugali ambao hakuna aliyethubutu kuumega kabla ya Baba kuomba. Bibi hakuwa mgonjwa. Alikuwa akingoja sala. Nikavuta kiti, nikaanza Baba Yetu kwa Kiswahili kwa kuwa Kijerumani changu kilikimbia, naye akaifuata kwa lugha yake bila ya kukosa neno. Tulipishana njiani, yeye akatangulia kufika kwenye mkate, lakini amina tuliisema pamoja. Kisha akashika kijiko. Tangu jioni ile, nikiwa zamu, hatujaiacha.

Mwezi uliopita, siku yangu ya mapumziko, nilipanda treni hadi Korntal, mji mdogo ulio jirani na Stuttgart, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mmisionari Krapf alifariki huko mwaka 1881 na kuzikwa huko, alipozikwa pia mwenziwe Rebmann. Mnafahamu kwamba alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuwa na mkewe Rosine, na kwamba Julai ya mwaka ule ule homa ilimchukua Rosine na mtoto wao mchanga wa kike, wakazikwa ng'ambo ya mji wa kale, upande wetu wa Nyali. Mume amelala kwao penye baridi, mke na mtoto wamelala kwetu. Nilisali kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, lugha aliyoitungia kamusi.

Katika yote niliyosoma juu yake, moja limenikaa sana. Krapf alifika Mombasa akiwa na barua ya kumtambulisha aliyopewa na Sultani Seyyid Said, na alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Neno la Mungu halijaingia hata jikoni mwetu bado, na tayari mkono wa jirani Mwislamu ulikuwamo. Baba hakuisoma habari hiyo popote, nijuavyo mimi, lakini alikwenda kumwita Mzee kila mwaka.

Basi, Mama, ombi langu ni hili. Nimemtumia Kaka fedha za kuku wanne, mchele na viungo, na za kumlipa msichana atakayekusaidia kupika ili wewe ukae kwenye mkeka na kutoa amri tu. Kama bado mnataka hoteli, nendeni tarehe 26, mule mnono, sitawaonea wivu sana. Kuku wachinjwe na Mzee, na Kaka ndiye aende kumwita, mwenyewe, asitume mtoto. Sura ya Luka isomwe na kitinda mimba. Akikwama asicheke mtu. Na mkipata nafasi kabla ya mwaka kwisha, piteni penye kaburi la Rosine mfagie majani, mumwambie kwamba nilifika Korntal.

Tarehe 24 nitakuwa kazini. Chakula cha jioni huku hutolewa saa kumi na moja na nusu, na kwenu itakuwa saa moja na nusu, taarifa ya habari imemalizika. Kaka agonge bilauri. Nami nitakuwa nimeshavuta kiti.

Ni mimi binti yako akupendaye.

Nimesahau: lile kawa la ukili lililochanika ukingoni lisitupwe. Mpelekeeni Bi Mkubwa, yeye anajua kulishona.