Usiiguse Hiyo Skrubu

Nakuru,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mama watoto anauliza omena ulizoahidi zitafika lini, mimi simo.

Malalamiko yako nimeyasoma. Umepiga risasi tano za bunduki kwa mita 100, zimejikusanya vizuri, ila sentimita 6 juu ya alama, na sasa umeshika sarafu unataka kuzungusha skrubu ya darubini mpaka zishuke. Irudishe mfukoni. Mwalimu aliyekurekebishia darubini ili risasi igonge alama kwa mita 25 hakukosea.

Wewe unadhani risasi hunyooka kama mwanga wa tochi. Kumbe huanza kuanguka papo hapo inapotoka mtutuni, sawa na ile ungeiachilia kutoka mkononi. Hiyo risasi yako ya .308, yenye uzito wa greni 150 (karibu gramu 10), hutoka kwa kasi ya karibu mita 850 kwa sekunde. Hufika mita 100 kwa sekunde 0.12 hivi, na hujapepesa jicho imeshaanguka sentimita 7. Mita 200 ni kama sentimita 31, kwa sababu hewa nayo imeipunguza kasi. Ndiyo maana mtutu huinuliwa kidogo. Unakumbuka tulivyokuwa tukirushia maembe mawe? Hakuna aliyelenga embe lenyewe.

Sasa, darubini yako imekaa sentimita 4 juu ya mtutu. Risasi inaanza chini ya mstari wa jicho, inaukata ikipanda kwenye mita 25, inafika kilele mbele kidogo ya mita 100, kisha inaukata tena ikishuka karibu na mita 200. Hizo sentimita 6 zinazokukera ni kilele hicho.

Chukua kifuniko cha sufuria chenye upana wa sentimita 15. Kuanzia mtutuni mpaka mita 230 hivi, lenga katikati tu, bila hesabu yoyote, na risasi haitatoka nje ya kifuniko. Ukiishusha igonge nukta kwa mita 100, kwenye mita 200 itapita karibu sentimita 13 chini, na uhuru huo utakuishia kwenye mita 170 au hapo karibu. Umejinyang'anya mita 60 kwa ajili ya karatasi ipendeze!

Ingekuwa unashindana kwa karatasi ya mita 100 peke yake, ningekwambia zungusha. Lakini umeniandikia kwamba mwezi ujao ni vibao vya chuma vilivyotawanywa, na umbali hamtaambiwa. (Wanyama tuliwaachia tangu marufuku ya uwindaji ya 1977, kwa hiyo chuma ndiye swara wetu.)

Jambo moja tu: usibadilishe risasi. Ukipachika greni 180, hesabu hizi zote zimekufa, na itabidi upande matatu uje tuanze upya uwanjani. Na hiyo safari usije mikono mitupu, mama watoto hajasahau.

Wako,
Mzee mwenzako