Mchezaji akidisko, na timu ikae nje

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi msomaji wako wa siku nyingi hapa Moshi, nina kibanda cha spea za pikipiki maeneo ya Pasua, na nikiri tu mara nyingi gazeti lako nalisoma likiwa limeshachelewa siku mbili tatu kabla sijalifungia plagi za wateja, ila nalisoma, hasa kurasa za nyuma za michezo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni simu. Mtoto wa dada yangu kapata nafasi chuo kimoja huko Arusha, sikitaji, na kabla hata hajalipa ada wala hajajua hosteli iko wapi kapigiwa na mtu aliyejitambulisha ni mlezi wa timu ya mpira ya chuo, swali la kwanza "we dogo si ndio yule wa UMISSETA, unacheza namba ngapi?" Dogo akajibu namba nane. Wakaongea dakika kumi na kitu, kuhusu viatu, kuhusu bonanza la kukaribisha mwaka wa kwanza, kuhusu mechi za Novemba. Nikamuuliza dogo, amekuuliza unaenda kusoma nini? Akacheka, "anko, hilo hajafika." Dada yangu anashangilia eti mtoto kaanza kutafutwa, mimi nikakosa usingizi.

Nilikosa kwa sababu na mimi nilitafutwa hivyohivyo. Miaka ya nyuma nilikuwa kiungo, sio wa kujisifia ila wa kuaminika, nikachukuliwa chuo kimoja cha Arusha kusoma diploma ya uhasibu, marehemu baba kauza ng'ombe wawili na mama yuko sokoni Kiboriloni na ndizi zake ili ada itimie. Semista ya tatu tukaenda mashindano ya vyuo mkoa mwingine, siku tisa na usafiri. Ndani ya hizo siku tisa zikapita tesiti mbili na prezentesheni moja ya kundi. Niliambiwa na viongozi wa timu usiwe na wasiwasi barua ya ruhusa tutaipeleka sisi, we cheza mpira. Tumerudi na kombe, tumepokelewa na vuvuzela getini, wakubwa wa chuo wamepiga picha na sisi, jumatatu naenda kwa mwalimu wa somo la gharama ananiambia barua hajaiona na kosiweki yangu, yaani maksi za kazi za darasani, ni sifuri sehemu hizo mbili. Nikazunguka ofisi kwa ofisi, huyu anasema muone fulani, fulani yuko Dodoma kikazi, mpaka matokeo yakatoka. Sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Nikasafisha moja, mbili zikakataa, na semista iliyofuata nikadisko, yaani nikaondolewa chuo kwa kufeli. Goti likaumia mwezi huohuo kwa hiyo hata mpira ukaisha. Kombe lenyewe lipo mapokezi, nikienda Arusha kuchukua mzigo wa spea huwa napita kumsalimia mlinzi tuliyezoeana na naliona pale kwenye kabati la kioo, wanalifuta vumbi vizuri tu.

Sasa baada ya hapo ndio nikaanza kuwa mtu wa kufuatilia wenzetu wanafanyaje. Shemeji yangu mmoja yuko Ohio miaka mingi, ndiye aliyeniambukiza kuangalia futiboli ya Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai, wa kuvaa helmeti na kugongana kama madume ya mbuzi. Mwanzoni sikuelewa kitu. Kilichonishika sio mchezo, ni siku alivyonitumia video ya mahafali, mijitu minene hiyo mabega kama milango imevaa joho na kofia, shemeji ananiambia huyu na huyu bado wana mechi mbele yao na timu ya chuo, wamehitimu Desemba na mechi kubwa za mwisho wa msimu zinachezwa Desemba hiyohiyo mpaka Januari. Yaani mtu anaingia uwanjani akiwa na digrii tayari! Nikasema aisee.

Mfano ambao watu wa mpira huo wanaujua ni Joe Burrow. Alikuwa chuo cha Ohio State anasugua benchi, lakini darasani alikuwa anaenda, akamaliza digrii yake, 2018 akahamia chuo cha LSU kule Louisiana kama mhitimu, 2019 akachukua tuzo ya Heisman ambayo ndio kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, timu ikabeba ubingwa Januari 2020 na mwaka huohuo akachaguliwa namba moja kwenda kucheza ya kulipwa. Ila mimi wangu ni Myron Rolle. Huyu alikuwa beki wa chuo cha Florida State, Novemba 2008 akaitwa interview ya Rhodes, ile skolashipu ya kwenda Oxford, na interview imeangukia siku ya mechi dhidi ya Maryland, na tena iko jimbo jingine kabisa. Wangesema nini viongozi wetu hapo? Wale walimuacha aende. Akafanya interview Alabama, akapata, akapanda ndege akaikuta mechi imeshaanza, akavaa jezi akaingia. Baadae akaenda Oxford kweli, akarudi akachaguliwa na timu ya Tennessee Titans mwaka 2010, mpira haukumkalia sana, akasomea udaktari na leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Mimi hiyo ya ndege huwa naikumbuka nikifunga kibanda jioni, mwenzangu timu imemsubiri, mimi barua ya ukurasa mmoja ilikosa mtu wa kuitembeza kutoka jengo hili kwenda jengo lile.

Mhariri usidhani nawapamba Wamarekani, hao nao wamefanya madudu makubwa kuliko yetu. Kuna mchezaji anaitwa Dexter Manley, kachukua ubingwa wa Super Bowl, ile fainali ya ligi yao ya kulipwa, mara mbili na timu ya Washington, mwaka 1989 alisimama mbele ya maseneta akasema hajui kusoma, na alikaa chuo kikuu miaka minne! Na kule Chuo Kikuu cha North Carolina kulikuwa na mchezo wa madarasa hewa kwa miaka kama 18, mwanafunzi haonani na mwalimu, anapeleka karatasi moja mwisho wa semista na aliyekuwa anagawa maksi ni karani wa ofisi, ripoti ya 2014 ikasema waliopita humo ni zaidi ya 3,100 na karibu nusu ni wanamichezo. Kwa hiyo na kule kocha akiachwa mwenyewe anafanya kilekile ambacho kocha wa hapa anafanya, anataka kushinda jumamosi, ya kwako ya miaka kumi mbele hayamhusu.

Hapo sasa ndio kwenye hoja yangu. Kilichobadilisha mambo kule sio makocha kuwa na huruma. Chama chao cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikaa kikaona kumfungia mwanafunzi peke yake hakusaidii kwa sababu chuo kinatupa huyo kinaleta mwingine, wapya wapo kila mwaka. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 hivi wakaweka hesabu ya timu nzima. Kila mchezaji mwenye skolashipu kila semista anatafuta pointi mbili, moja ya kubaki chuo na moja ya kuwa na maksi zinazomruhusu kucheza. Unajumlisha pointi za timu, unagawanya kwa zile walizotakiwa kupata, unazidisha kwa 1,000. Timu ikishuka chini ya 930 kwa wastani wa miaka minne haiendi mashindano ya mwisho wa msimu. Timu, sio dogo. Umeelewa hapo? Mchezaji akidisko kocha anaumia, mkuu wa chuo anaumia, wafadhili wanaumia, kwa hiyo ghafla kila mtu anataka kujua yule namba nane ana tesiti lini.

Na sio tishio la mdomo. Chuo Kikuu cha Connecticut, kilekile alichocheza Hasheem Thabeet wetu kabla hajachaguliwa namba mbili NBA mwaka 2009, kilikuwa bingwa wa kikapu 2011, na 2013 kikazuiwa kushiriki mashindano kwa sababu ya hizo pointi za darasani. Bingwa kabisa anaambiwa kaa nyumbani. Fikiria hapa mtu athubutu.

Pia kuna sheria ya kwamba ukimaliza mwaka wa pili uwe umemaliza asilimia 40 ya digrii yako, wa tatu 60, wa nne 80, ukipungukiwa huchezi. Na kwa miaka mingi wamekuwa wanapewa miaka mitano kucheza misimu minne, kwa hiyo mtu anaweza kukaa mwaka bila kucheza akajipanga. Kuna sheria ya saa 20 kwa wiki za mazoezi na mechi msimu ukiwa umeanza, japo wachezaji wenyewe wanalalamika zinazidi, safari na kuangalia video za wapinzani havihesabiwi vizuri. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa na kutengeneza hela kwa majina yao na matangazo, hilo limeleta vurugu yake, watu wanahama vyuo kama daladala, mimi siliingilii.

Kuna na hili la kurudi. Jerome Bettis aliondoka chuo cha Notre Dame bila digrii kwenda kucheza ya kulipwa, akawa staa, akachukua Super Bowl, hela anazo, na 2022 akiwa na miaka 50 akarudi kukaa darasani na watoto wadogo akamaliza kwa sababu alimuahidi mama yake. Emmitt Smith wa timu ya Dallas naye alimuahidi mama, akamaliza chuo cha Florida mwaka 1996 akiwa bado anacheza. Nikisoma hizi huwa nawaza, mimi nikirudi leo chuoni kwangu nani ananipokea? Matokeo yangu ya semista mbili za mwanzo yalikuwa mazuri tu. Nilishawahi kuuliza nikaambiwa nianze upya kama mtu aliyetoka fomu foo jana, na ada ya sasa, na goti hili kwenye ngazi za ghorofa ya tatu.

Msiniambie eti Watanzania hatuwezi hivi vitu. Mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui alikiwakilisha chuo cha Texas kule El Paso, akashinda mataji ya vyuo vya Marekani na akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. Mkimbiaji mwenzake Gidamis Shahanga alikuwa hukohuko El Paso. Walikuwa wanakimbia na daftari wanalo. Miguu ni ileile ya kwetu, mfumo ndio wa kwao.

Ninachoomba ni kidogo, kwa wanaosimamia michezo ya vyuo, TUSA na SHIMIVUTA, na wala hakihitaji bajeti. Kabla timu haijapanda basi, chuo kipeleke orodha ya wachezaji pamoja na tarehe za tesiti zao zilizopangwa upya, zimesainiwa na mwalimu wa somo mwenyewe, sio mlezi wa timu. Na mwaka unaofuata ihesabiwe, waliokuja mwaka jana wangapi bado wapo chuo, ikizidi idadi fulani waliodisko timu ikae nje msimu mzima. Wataguna mwanzoni. Wacha wagune. Halafu ratiba, kwani lazima mashindano yaangukie wiki za tesiti? Watu wa hapa Kaskazini tunajua kupanga harusi na mahari mpaka kipaimara cha mtoto visigongane na msimu wa kahawa, watashindwaje kupanga mechi.

Arusha sasa hivi kila mtu ni stori za uwanja mpya wa AFCON, na mimi nafurahi, uwanja wa zamani wa Sheikh Amri Abeid umetulea lakini umechoka. Ila vijana watakaoufuata huo uwanja kutoka vyuo vya Njiro, Makumira, huku kwetu Ushirika na Mwenge, wengi hawataucheza, tuseme ukweli. Katika kikosi chetu cha wachezaji 22 aliyefika ligi kuu ni mmoja, akacheza misimu miwili. Wengine tupo, mmoja dereva noah ya Holili, mmoja mgambo, mmoja tunakutana naye kwa mangi anauza simu. Waliomaliza ile diploma kwa wakati ni wale wa benchi, hatukuwa tunawapeleka safari.

Yule mlezi wa timu nilimpigia mwenyewe juzi. Nikamwambia mimi ndiye anko wa namba nane, anakuja kusoma ugavi, andika hapo, u-ga-vi. Akanyamaza kidogo akasema sawa mzee. Dogo anaripoti Oktoba, nimemwambia ratiba ya tesiti na ratiba ya mechi anitumie zote mbili WhatsApp, nitazibandika hapa kibandani pembeni ya bei za mota oili.

Fundi spea, Pasua, Moshi