Mchezo wa siku ya posho

Jambo wandugu. Siku ya posho saa nane, Katuba, pale pa kawaida. Tutacheza Legend of Grimrock, mchezo wa kompyuta wa 2012, kazi ya Almost Human, kikundi kidogo cha Ufini. Wafungwa wanne wanatupwa ndani ya mlima. Unawaongoza wote pamoja, mraba kwa mraba, kama katika Dungeon Master, mchezo wa 1987. Mienge inazimika, njaa inauma, na konokono wakubwa ndio nyama yenu (mimi nilishazoea). Unaweza kuchagua kucheza bila ramani, na ndivyo tutakavyofanya. Kwa hiyo leteni kaye ya miraba na kalamu ya risasi. Kompyuta muzichaji kwenu, umeme wa hapa munaujua. Anayekuja na mdogo wake aniambie mapema, viti havitoshi.