Wimbo wa tofaa lililoanguka matopeni

Budapest, Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, ni baridi tu inayonikumbusha kila asubuhi kwamba hapa mgeni. Barua yako nimeipata. Lile neno lako kwamba nimekuja huku kusomea "muziki wa wafalme" limenichekesha, kisha likanikera kidogo. Ngoja nikupe habari ya Béla Bartók, mtunzi wa muziki wa hapa Hungaria.

Mwaka 1904 alikuwa kijana wa miaka 23, mpiga piano hodari. Akamsikia yaya mmoja, Lidi Dósa, msichana wa Transylvania, eneo lililokuwa la Hungaria wakati huo, akimwimbia mtoto. Maneno yenyewe ya kawaida kabisa: tofaa jekundu limeanguka matopeni. Lakini sauti ilipita njia ambayo Bartók, pamoja na usomi wake wote, hakuwa ameizoea. Akaiandika.

Usidhani kabla yake hakuna aliyejaribu kutumia nyimbo za Wahungaria. Brahms, yule mtunzi Mjerumani, ana zile Ngoma za Kihungaria. Ya tano umeshaisikia, hata kama jina hulijui. Basi ile hakuitoa kijijini. Ilitungwa na Béla Kéler, Brahms akadhani ni ya jadi, haina mwenyewe. Simchukii Brahms, nampenda hadi kesho. Ila ni kama mgeni aje Mombasa, asikilize bendi ya hotelini, kisha arudi kwao aseme amesikia ngoma za Wamijikenda.

Bartók na mtunzi mwenzake Kodály wakaamua kwenda vijijini wenyewe, na mashine ya Edison: mwimbaji anaimbia kwenye pembe, sindano inachora sauti juu ya silinda ya nta. Silinda yenyewe inajaa kwa dakika chache tu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubembelezana. Mwaka 1906 wakatoa nyimbo 20 zenye piano. Mwaka uliofuata, huko Transylvania, Bartók akakuta nyimbo za kale zilizojengwa kwa noti tano tu.

Kazi haikuwa nyepesi. Kuna barua ya 1907 aliyomwandikia Stefi Geyer, mpiga fidla aliyekuwa akimpenda, ameipanga kama mchezo wa kuigiza: yeye anaomba wimbo wa zamani, mama wa kijijini anampa wa kanisani, anaomba tena, anapewa mwingine ambao sio. Nilicheka peke yangu, maana nilimkumbuka bibi yangu. Si unakumbuka tulivyomwendea na simu yako? Tukaomba nyimbo za kutwangia, akatughania kasida tatu, kisha akauliza kwani hizo zina ubaya gani.

Na wala hakukomea kwa Wahungaria. Alirekodi Waslovakia, akarekodi Waromania, na mwaka 1913 akafika Biskra, Algeria, kuwarekodi Waarabu. Tafuta Suiti yake ya piano (yaani mfululizo wa vipande) ya 1916, sehemu ya tatu, usikilize mkono wa kushoto unavyorudia palepale bila kuchoka. Wewe mpiga dumbaki utaelewa kabla yangu.

Sasa nakutuma. Ukipita kwa bibi, usitamke "wimbo wa zamani" hata kidogo. Mwombe akuonyeshe anavyotwanga, simu uiweke juu ya kabati, mbali na kinu. Chochote atakachoimba, hata kama ni kasida ya nne, nitumie.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Hamisi