Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mruhusu muuguzi aandike mofini

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MAUMIVU YA WAGONJWA WA SARATANI YA TEZI DUME

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye maradhi mazito. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba zaidi hakihitaji jengo jipya wala mashine. Kinahitaji saini yako kwenye kanuni.

Wagonjwa ninaowasemea ni wanaume ambao saratani imeshatoka kwenye tezi dume ikaingia mifupani: mgongo, nyonga, mbavu, mapaja. Mzee wa namna hii halali, anasinzia ameketi, mto ameukumbatia kifuani, maana akijinyoosha tu mgongo unawaka moto. Ukimuuliza maumivu yakoje atakujibu, "Sijambo kidogo." Mkewe pembeni anatikisa kichwa. Ukifungua mfuko wake wa dawa unakuta parasetamo na diklofenaki. Ya kwanza peke yake haifui dafu kwa maumivu ya kiwango hicho, na ya pili inaweza kuzimaliza figo ambazo tayari zimeelemewa kwa sababu mkojo umeziba. Huyu alitakiwa awekewe mpira wa mkojo, na apewe mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu.

Si ugunduzi wa jana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini imo katika orodha yake ya dawa muhimu. Ile ya maji huchanganywa kutokana na unga, na gharama yake ni ndogo. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa 4, na ya kulalia huongezwa maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Maumivu yakimpanda katikati, hupewa dozi ya ziada. Figo zikiwa dhaifu, kipimo hupunguzwa na saa huachanishwa. Dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile, kwa sababu mofini hufunga choo na mwili hauzoei hilo, tofauti na kichefuchefu na usingizi ambao kwa wengi hupungua baada ya siku chache. Haya yote muuguzi aliyefunzwa anayajua. Anachokosa ni ruhusa.

Hapo ndipo tunapokwama. Kanuni inadai saini ya daktari, na zahanati haina daktari. Chupa ikiisha jioni ya Ijumaa, mgonjwa anaumia mpaka Jumatatu, au mwanawe anafunga safari kwenda hospitali kubwa kufuata karatasi tu. Uganda walilimaliza hili zamani: tangu 2004 wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kisheria kuandika mofini. Sioni kwa nini sisi tushindwe.

Najua wasaidizi wako watakachokwambia: dawa itavuja mitaani, watu watageuka mateja. Hofu ya kuvuja ina msingi, ndiyo maana tuna kabati la kufuli mbili, daftari la kila mililita, na utaratibu wa kurudisha chupa tupu kabla ya kupewa nyingine. Lakini mgonjwa wa saratani anayepewa dozi kwa saa zake kuwa mraibu ni nadra. Mwili wake utaizoea dawa, na haifai kukatizwa ghafla, ila hilo ni jambo jingine kabisa. Wala mofini iliyoanzwa kwa kipimo kidogo ikapandishwa taratibu haimharakishii mtu kifo. Uvumi huo nimeusikia hata kwa wenzangu wa koti jeupe, na unanichosha.

Nikiwa bado na nafasi, kuna dharura inayopita chini ya pua zetu. Mgonjwa huyuhuyu akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikalegea, ganzi ikapanda au mkojo ukagoma, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo. Anatakiwa apate deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, mara moja, apigwe picha ya MRI, na kama inawezekana mionzi au upasuaji uanze ndani ya saa 24. Anayeanza tiba akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza, mara nyingi ndiyo imetoka. Sisi tunampa tarehe ya kliniki. Waraka wa ukurasa mmoja kwa vituo vyote ungetosha kubadili hilo.

Na mashine za mionzi zisitumike kama kisingizio. Kwa maumivu ya mfupa yasiyo na matatizo mengine, kipindi kimoja cha mionzi cha grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) hutuliza sawa na vipindi vingi, ingawa baadhi hulazimika kurudia baadaye. Kumwita mzee mwenye nyonga iliyooza siku kumi mfululizo ni kumtesa bure.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanaohitaji tiba shufaa duniani, ni takriban 14% tu wanaoipata. Wengi wa wanaotufikia huletwa wakiwa wameshaambiwa "hatuna la kufanya tena". Tungependa kuwaona mapema, wakiwa bado kwenye dawa za homoni, tushughulike na fukuto la mwili, uchovu, na ile aibu ya tendo la ndoa ambayo hakuna aliyewaandaa kwayo.

Naomba basi rasimu ya marekebisho ya kanuni za dawa iitishwe mezani kwako, na wauguzi wa tiba shufaa waitwe kuijadili kabla haijapitishwa. Tutakuja na madaftari yetu uyakague.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa tiba shufaa